Upande wa Pili wa Risiti

Risiti nimezitia ndooni,
ndoo ya asali iliyokwisha asali,
na sisimizi wamenifuata
toka Ng'ambo mpaka dirisha namba nne.

Bi. Mwashi Kasonta hakuinua uso.
"Kazi?"
Mchoraji.
"Wa mabango?"
Wa mabango, ndiyo: saluni, bucha,
na mshale wa choo pale stendi.
Lakini pia wa... nikasita... wa watu.
Akaandika: Mabango.

"Mauzo ya mwaka?"
Nikamtajia.
Akangoja, kama mtu angojaye sentensi iishe.
Ilikuwa imeisha.

"Haya, tupunguze."
Kumbe kuna kupunguza!
Nilidhani serikali ilisomea kujumlisha tu.
Gharama ya kazi, akasema,
ya kazi na ya kazi pekee, hiyo tunaitoa.

Ya kazi pekee.
Tapentaini: ya kazi.
Taa: ya kazi, ingawa chini yake
Lushinge wangu hufanya hesabu za darasa la tano,
na mwanga hauulizi nani analipia.
Nauli ya treni, daraja la tatu, hadi Dar,
picha sita ndani ya shuka,
na nauli ya kurudi,
picha sita ndani ya shuka lile lile:
ya kazi.
"Na shuka?"
Shuka, Bi. Mwashi, ni la ndoa.
Kahawa ya usiku, hapana.
Redio niliyoiuza ninunue rangi ya buluu,
hiyo, akasema, si gharama hata kidogo.
Na buluu yote niliimaliza kwenye gauni moja
la mama mmoja wa Kachoma
ambaye hakurudi kujichukua.
"Hakulipa?"
Hakulipa.
Akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Risiti."

Akatoa ya kwanza. Nyeupe.
Ya pili. Nyeupe.
Joto la Oktoba limelamba wino wote,
tarehe, kiasi, jina la duka,
zimebaki laini na bubu kama maganda ya kitunguu.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
maneno hayo yako ukutani kwa Kapela wa stoo,
herufi nyekundu, kivuli cheusi,
mkono ni huu huu wangu,
na malipo yake nilipewa nusu.

Ya tatu ilimponyoka, ikaangukia mgongo.

Nyanzobe muuza karanga akamtazama.

Akageuza nyingine: kinyozi wa Isevya, jicho moja amelifumba.
Nyingine: mikono tu, inachambua mchele.
Nilitaka kumwambia kwamba mwaka ule
sikuwa na karatasi nyingine, wala sikuwa na adabu
ya kuziacha hesabu zilale peke yake.
Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.
Akageuza arobaini na moja.
Moja ikabaki kiganjani:
mlinzi wao wa getini, yule waliyemzika mwezi wa tatu,
amesinzia, rungu amelipakata kama mtoto.

"Saba zinasomeka," akasema hatimaye.
Saba zikatosha kuyameza mauzo yangu na chenji ikabaki.
Chini kabisa akaandika: Hasara. Akapiga mstari.
"Usiogope. Hasara haipotei,
inahamia mwaka ujao."
Nikaitikia kama mtu aliyeambiwa habari za nduguye.

Kisha sauti ikashuka:
"Na huyu mzee, bei gani?"

Elfu tano, nikasema. Nikaona aibu.
Nikasema elfu nne.
Akaweka tano, akazisukuma chini ya kioo
kwa kidole kilekile chenye mate.
"Hii ni ya mwaka huu. Iandike."
Nitaiandika.
"Na risiti yangu?"

Nikazamisha mkono ndooni,
sisimizi wakanipanda hadi kiwiko,
nikatafuta, nikatafuta,
iliyo nyeupe pande zote mbili.